Mwiko au Maradhi? Ulaji wa Mimea Tupu na Matatizo ya Ulaji Pwani ya Tanga

Mtu akisema mezani Tanga kwamba hali nyama, hali samaki, hanywi maziwa wala hagusi yai, hupokea mojawapo ya majibu matatu. La kwanza ni la huruma: maskini, hana hela ya kitoweo. La pili ni la mzaha: huyo yuko kwenye dayati. La tatu ni la hofu, na aghalabu hutoka kwa mama mzazi: mwanangu anaumwa. Kila jibu huwa kweli kwa mtu fulani, na hapo ndipo ugumu ulipo. Katika mji ambao maziwa yake yanauzwa hadi Dar es Salaam, na kwenye mwambao ambao mlo bila samaki huhesabiwa nusu mlo, kuna anayekula mimea tupu kwa imani yake, kuna anayekula mimea kwa sababu ya ufukara, na kuna anayejificha nyuma ya mimea ili asile kabisa. Kwa mtazamaji wa nje sahani zao zinafanana. Makala haya yanauliza kuhusu yule ambaye ulaji wake umekwisha kuharibika: anajinyima, au anakula kwa pupa kisha anajitapisha, au chakula chenyewe kimemgeukia kuwa kitisho. Je, anaweza kupona huku akiendelea na mimea tupu? Jibu ninalolitetea ni kwamba wengi wanaweza, tena jiko la pwani linawasaidia kuliko majiko mengi duniani, ila kwa sharti moja. Kwanza ijulikane kama alichonacho ni mwiko au ni maradhi yaliyovaa kanzu ya mwiko.

Tuanze na jiko lenyewe, maana wapo wanaozungumzia ulaji wa mimea kana kwamba ulishushwa bandarini juzi. Kifungua kinywa cha kawaida Tanga ni mbaazi za nazi na mandazi. Mchana ni wali au ugali kwa maharage, kunde au choroko, na pembeni mchicha, matembele au bamia. Kisamvu kinatwangwa, kinachemshwa mpaka kilainike, kisha kinaungwa kwa tui na karanga. Bada, ule ugali wa unga wa muhogo, unaliwa na mboga yoyote. Ramadhani ikiingia, futari ni mihogo, magimbi, viazi vitamu na ndizi, vyote katika nazi. Nazi hutoka Pangani, machungwa Muheza, na milima ya Usambara hushusha kabichi, karoti, maharage na matunda. Mwanaanthropolojia Anne Fleuret, aliyechapisha mwaka 1979 utafiti wake wa Lushoto, alionyesha jinsi majani ya porini yalivyokuwa sehemu kubwa ya kitoweo cha Wasambaa, wala hayakuwa chakula cha njaa tu. Kwa hiyo anayeacha vitu vya mnyama hapa hahami upishi wa kwao. Anaondoa dagaa na kamba wanaotiwa kwenye mboga, anaondoa maziwa kwenye chai, anaondoa samaki pembeni ya wali. Vinavyobaki ni vingi na vinashibisha.

Wala kukataa vitu vya mnyama kwa kanuni si jambo geni Afrika Mashariki. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, na kwa majuma mengi ya Kwaresima na mifungo mingine, hata siku za kufunga zikakaribia nusu ya mwaka. Wahindu na Wajaini waliojenga maduka na mahekalu katika miji ya pwani wengi wao waliacha nyama vizazi na vizazi, ingawa maziwa na samli wanakula. Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903, hufundisha ulaji usio na nyama kama sehemu ya afya na ibada. Marasta wana chakula chao cha itali. Ukiitazama miiko hii kwa pamoja unaona mambo matatu inayoshirikiana. Mpaka wa mwiko unajulikana: mtu anaweza kukwambia leo kile asichokula, na mwaka kesho akakutajia kilekile. Una wenzake: mwenye mwiko hali peke yake, hula na watu. Na una ruhusa ya dharura: mgonjwa, mjamzito, mzee na mtoto wana hukumu yao. Mwiko wa namna hiyo ukishaondoa kilichokatazwa unaacha chungu kimejaa.

Maradhi ya ulaji yanakwenda kinyume kwa kila kipengele. Mpaka wake unasogea, na siku zote unasogea kuelekea ndani. Katika jiko la pwani safari hiyo ina hatua zinazotambulika. Samaki anaondoka kwanza, na hakuna wa kulalamika kwa sababu imani huheshimiwa. Kisha mafuta ya kukaangia, kwa hiyo mandazi, bagia na viazi vya kukaanga vimekwisha. Baadaye kasimile, lile tui zito la kwanza linalotiwa mwishoni ili mchuzi uwe na uhai; mtu anaomba apikiwe kwa tui la pili, na baada ya muda anaomba isitiwe nazi kabisa. Wali unafuata kwa madai kwamba ni wanga, muhogo kwa madai hayohayo, maharage kwa kuwa yanajaza tumbo gesi. Mwisho yanabaki matango, kipande cha papai na chai ya rangi isiyo na sukari. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri ya kuitetea mbele ya watu, na hakuna hata moja iliyovunja kanuni ya mimea. Ndiyo maana kanuni hiyo inapendwa na maradhi haya: inampa mtu jibu la heshima kila anapokaribishwa chakula.

Wanaodhani kwamba tatizo ni ukaidi wa mtu au ukosefu wa akili wangesoma jaribio lililofanywa na Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kuanzia Novemba 1944. Vijana 36 wa kiume, wenye afya ya mwili na akili, waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao, walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili madaktari wajue namna ya kuwahudumia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walilishwa zaidi viazi, kabichi, tanipu, makaroni na mkate. Walipoteza takribani robo ya uzito wao. Lakini kilichowashangaza watafiti ni nafsi zao: wakawa hawazungumzi lolote ila chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakajitenga, wakawa wakali. Chakula kiliporudishwa, baadhi yao walikula mpaka wakaugua na bado wakasema hawajashiba. Somo lake ni kwamba njaa yenyewe, ikidumu, hubadilisha fikra. Aliyeanza kujinyima kwa hiari anaweza kufika mahali ambapo hiari haipo tena, na hapo kumhubiria hakumsaidii. Kinachotakiwa kwanza ni ale, tena ale vya kutosha kwa muda wa kutosha, ndipo akili yake irudi mahali pake.

Sasa kuna uhusiano gani kati ya maradhi haya na mimea tupu? Takwimu za Marekani zinaonekana kupingana. Mwaka 2012 Anna Bardone-Cone na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wanawake wenye historia ya matatizo ya ulaji na wasio nayo. Katika kundi la kwanza asilimia 52 waliwahi kuacha nyama wakati fulani maishani, dhidi ya asilimia 12 katika kundi la pili. Ukiishia hapo, mimea ina kesi ya kujibu. Lakini watafiti waliuliza pia sababu. Kati ya walioacha nyama wakiwa na historia ya ugonjwa, asilimia 42 walisema waliiacha hasa kwa ajili ya uzito. Katika kundi lisilo na historia hiyo hakuna hata mmoja aliyetoa sababu hiyo. Miaka mitano baadaye Sydney Heiss na wenzake walipowapima watu wasiokula kabisa vitu vya mnyama, wengi wao kwa kuwahurumia wanyama, hawakuwakuta na dalili nyingi za ulaji ulioharibika kuliko wanaokula kila kitu; tena zilikuwa pungufu kidogo. Tafiti hizi mbili hazipingani. Zinaonyesha kwamba sababu ndiyo inayotenganisha, na kwamba mpangilio wa matukio una uzito: kwa wengi kilichotangulia ni ugonjwa, kuacha nyama kukafuata. Anayetaka kumjua mtu wake aulize kipi kilianza, hofu ya kunenepa au huruma kwa ng'ombe.

Hapa msomaji wa pwani ana pingamizi la haki: haya ni magonjwa ya Wazungu, kwetu mwili mnono ni sifa. Ushahidi hauliungi mkono pingamizi hilo. Mwaka 2007 Kamryn Eddy na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji wanawake na wasichana 214 hapa Tanzania. Waliotimiza vigezo vya ugonjwa kamili walikuwa wachache, lakini waliokuwa karibu zaidi na vyombo vya habari na utamaduni wa nje ndio walioelekea zaidi kutamani wembamba na kuwa na dalili za ulaji ulioharibika. Kisiwani Fiji, ambako unene ulisifiwa kama unavyosifiwa kwetu, televisheni ilifika mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker alipowapima wanafunzi wa kike mwaka huo hakupata anayejitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Leo msichana wa Chumbageni au Korogwe haihitaji televisheni, simu iko mkononi, na ndani yake mna anayeuza chai ya kupunguza tumbo na mwingine anayeuza vidonge vya kukuza makalio. Sifa ya unene haijatoweka. Imeongezewa sifa nyingine inayoipinga, na msichana huyohuyo anatakiwa azitimize zote mbili.

Ushahidi ulio karibu zaidi na maisha yetu unatoka Ghana. Dinah Bennett na wenzake waliwapima wanafunzi 668 wa kike wa sekondari kaskazini mashariki mwa nchi hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Walipata wasichana 10 waliokonda kupita kiasi bila maradhi mengine yoyote ila kujinyima chakula. Hakuna kati yao aliyesumbuliwa na hofu ya kunenepa ambayo vitabu vya Ulaya huitaja kwanza. Waliona kujinyima kwao kuwa jambo jema, wakalieleza kwa lugha ya dini: kufunga, kuitawala nafsi, kuishinda njaa. Kwa jamii inayofunga Ramadhani, Arafa na Jumatatu na Alhamisi za sunna, na kwa makanisa yanayotangaza mifungo ya siku 21 au 40, utafiti huo una mengi ya kutuambia. Haukashifu ibada. Unakumbusha kwamba ugonjwa huazima lugha inayoheshimiwa mahali ulipo: Marekani huazima lugha ya afya na haki za wanyama, kwetu unaweza kuazima lugha ya swaumu. Dini zenyewe zimeweka kinga. Qurani, katika sura ya Al-Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na shekhe anayejua fiqhi hamwambii anayezimia aendelee. Anayekataa ruhusa ambayo dini yake imempa, huku mwili ukinyauka, amekwisha kutuambia kwamba anayemtii si dini.

Tena tunao ulaji ulioharibika wa kwetu wenyewe, ambao umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeushangaa. Udongo unaoitwa pemba unauzwa sokoni kwa vipande, na wanawake wengi, hasa wajawazito, huutafuna. Wengine hutafuna mchele mbichi au barafu. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 umeiweka tabia ya kula visivyo chakula katika sura moja na anoreksia (kujinyima chakula) na bulimia (kula kwa pupa kisha kujitapisha). Sera Young, aliyefanya utafiti kisiwani Pemba kwa wajawazito zaidi ya 2,000 na kuuchapisha mwaka 2010, aliikuta tabia hiyo ikiambatana na upungufu wa damu. Kama upungufu ndio unaoleta hamu, au udongo ndio unaozuia madini ya chuma yasifyonzwe, wataalamu bado wanabishana. Kwa hoja yetu inatosha kwamba viwili hivi vinakwenda pamoja, na kwamba sahani ya mimea iliyo maskini, yaani wanga mwingi na mboga kidogo bila kunde wala matunda, ni mazingira yanayovifaa vyote. Mkaguzi wa ulaji wa mimea pwani akimtazama msichana mwembamba wa mjini pekee, akamwacha mama anayetafuna udongo, amekagua nusu ya jambo.

Hilo linajibu pia pingamizi la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza: nchi ambayo watoto wanadumaa haina anasa ya kuwazungumzia watu wanaokataa chakula kilichopo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na watu wa 2015–16 ulipata mambo mawili kwa mpigo: asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Taifa lenye hali hizo mbili linapokea maonyo mawili ya lishe kwa wakati mmoja, kula zaidi na kula kidogo, na kila onyo linaweza kumfikia asiyehusika. Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa akiongoza Hospitali ya Muhimbili, aliyafanya mazungumzo ya kupunguza milo na kufunga yafike vijiweni, na kwa mwenye kitambi, presha na sukari ushauri wa kula kidogo una faida. Binti wa miaka 16 mwenye damu pungufu akiusikia ushauri huohuo anapata ruhusa ya daktari kwa jambo alilokuwa akilifanya kwa siri. Umaskini hauondoi tatizo la ulaji. Unalifanya liwe hatari zaidi, kwa sababu anayeanza kujinyima hapa anaanza akiwa na akiba ndogo mwilini.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wahudumu wa afya, na ndilo linalostahili jibu refu. Wanasema: mgonjwa wa namna hii aambiwe ale samaki na maziwa kwanza, imani itangoja. Wana sababu. Mimea inajaza tumbo kabla haijatoa nguvu ya kutosha, na tumbo lililozoea njaa linajaa upesi. Anayerudi kula baada ya kukonda sana anaweza pia kupata mshtuko wa chumvi za damu, fosfati na potasiamu zikashuka ghafla na moyo ukayumba; hilo ni jambo la hospitali, na wodini hakuna nafasi ya kuchagua sana. Nakubali kwamba anayezimia, anayetapika kila siku, ambaye mapigo ya moyo yamepungua au hedhi imekatika miezi mitatu, apelekwe kwa daktari kabla ya mjadala wowote wa mimea. Nisichokubali ni kulifanya hilo kuwa kanuni kwa kila mtu. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa akili cha Uingereza, pamoja na wataalamu wa lishe wa nchi hiyo, kilitoa mwongozo unaotaka imani ya mgonjwa asiyekula vitu vya mnyama iheshimiwe na kila mgonjwa atazamwe kivyake, huku imani hiyo ikitenganishwa na ugonjwa. Kuna sababu ya kitabibu pia: mgonjwa anayeona kwamba anaporwa imani yake hamwamini tena anayemtibu, na bila kuaminiana tiba hii haisogei. Aliyeacha samaki miaka mingi kabla ya kuugua aachwe na mwiko wake. Aliyeacha samaki mwezi uleule alioanza kujipima uzito mara tatu kwa siku ana la kujieleza.

Kwa yule anayeendelea na mimea, swali linalofuata ni la vitu, na jiko la Tanga lina majibu mengi. Nguvu zinatoka kwenye mafuta, kwa hiyo kasimile irudi kwanza. Ni dawa yenye ladha. Karanga za kusaga kwenye kisamvu, korosho, ufuta na parachichi hutoa nguvu nyingi katika kiasi kidogo, na hilo ndilo anayeshiba upesi analolihitaji. Protini ya nafaka na ya jamii ya kunde hukamilishana, kwa hiyo wali na maharage katika siku moja ni mlo kamili kuliko unavyosifiwa. Muhogo peke yake haufai kuwa nguzo: hauna protini ya maana, na ule mchungu una sumu ambayo mwili huiondoa kwa msaada wa protini. Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, waliokula muhogo usioandaliwa vizuri bila mboga ya maana walipata konzo, ulemavu wa miguu usiopona. Kwa sababu hiyohiyo wanaohubiri kula kila kitu kibichi wasikiguse kisamvu. Mababu hawakukitwanga na kukichemsha kwa kupenda kazi. Chuma cha mimea hufyonzwa vizuri kikikutana na vitamini C na hufyonzwa vibaya kikikutana na chai. Kwa hiyo mbaazi zile za asubuhi zikamuliwe ndimu au zifuatwe na chungwa, na chai isubiri saa moja au zaidi. Chumvi iwe yenye madini joto.

Kimoja tu hakipo shambani wala porini, nacho ni vitamini B12. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 2.4 kwa siku, na hakuna mboga ya Usambara itakayompa. Mwani unaolimwa ufukweni nao si wa kutegemewa. Unga wa viwandani huongezwa B12, chuma, zinki na asidi ya foliki kwa kanuni zilizowekwa nchini mwaka 2011, lakini unga wa kusaga mashineni mtaani hauna nyongeza hiyo, na ndio wengi wanaoutumia. Kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka, upungufu huja polepole: ganzi miguuni, uchovu, usahaulifu, damu pungufu. Anayekula mimea tupu anywe vidonge vyenye B12, na hili lisijadiliwe sana. Tena kidonge hicho ni kipimo kizuri cha nia. Mwenye mwiko hukinywa bila shida kwa sababu anataka kuishi na mwiko wake. Anayeumwa mara nyingi hukikataa nacho, ingawa hakina mnyama wala mafuta, kwa kuwa amekwisha kuanza kuogopa chochote kinachoujenga mwili.

Yote haya yatashindikana kama watu wa nyumbani hawatabadili jinsi wanavyozungumza. Pwani salamu huanza na mwili: umekonda, umenenepa, umependeza sasa umejaa. Husemwa kwa mapenzi, lakini kwa aliye kwenye vita na chakula kila neno la aina hiyo ni hesabu mpya ya kufanya. Kwa upande mwingine pwani ina kitu ambacho hospitali za London zilihangaika kukijenga. Katika miaka ya 1980 watabibu wa hospitali ya Maudsley waligundua kwamba kijana mwenye anoreksia hupona vizuri zaidi pale wazazi wanaposimamia milo nyumbani na kula naye bila kumlaumu. Sinia ndiyo hiyo. Watu wanne wanaokula pamoja wali wa nazi na maharage, mboga ikiwa haina dagaa, samaki akiwa kwenye sahani ya pembeni kwa anayemtaka, wanampa mgonjwa mlo kamili, mwiko wake na wenzake kwa wakati mmoja. Kinachomuua mgonjwa ni sahani yake ya peke yake chumbani. Gharama ya kumpikia haizidi, kwani mboga isiyo na dagaa ni rahisi kuliko yenye dagaa. Kinachotakiwa ni mpishi kuacha kuona kwamba ametukanwa.

Wataalamu wa kumshika mkono mgonjwa bado ni wachache, ingawa mkoa wa Tanga si mgeni katika matibabu ya akili. Lutindi, kule Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa katika sehemu hii ya Afrika. Hospitali ya Rufaa ya Bombo ndiyo mahali pa kwanza pa kufika kwa mkazi wa mjini. Kinachopungua ni swali moja katika kliniki za kawaida. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito, mwalimu wa zamu, mwalimu wa madrasa na kiongozi wa kwaya waweze kuuliza bila kejeli: vyakula unavyokula leo ni vingi au vichache kuliko mwaka jana?

Swali hilo ndilo hukumu yangu juu ya suala zima. Anayekula mimea tupu na orodha yake ya vyakula inaongezeka, leo kajifunza kupika choroko, kesho kagundua mchunga, aachwe kwa amani hata kama familia nzima inakula samaki changu. Ambaye orodha yake inapungua mwezi hadi mwezi anaumwa, hata kama kila anachokisema kuhusu wanyama, afya au ibada ni kweli tupu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya hufichika vizuri kuliko mengi kwa sababu yanasifiwa. Kwa hiyo mzazi, mwalimu na wewe mwenyewe unayesoma ukijitambua: usisubiri mpaka mtu azimie. Hesabu vilivyobaki kwenye orodha, rudisha kasimile jikoni, nunua vidonge vya B12, na kama orodha bado inapungua, nenda hospitali wiki hii.